Dawa ya Mabegani

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha kushona viatu nilimlipa seremala alitengeneze kwa ajili ya wateja, lakini wateja husimama. Wanaokaa ni Breki, dereva wa lori aliyestaafu ambaye hadi leo akibishana mguu wa kulia unakanyaga hewa, na Injinia, fundi simu asiyekubali kwamba kuna kitu duniani asichokijua. Mimi wananiita Gundi. Asubuhi ile Fundi Dari, anayefunga dari kwenye nyumba za watu, alikuja na birika zima la kahawa, akatumiminia mmoja mmoja, akasema ni la shukrani. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa hoi. Anasinzia kwenye benchi, ananuna bila sababu, ngazi kaiegemeza ukutani na kazi anazikataa. Mimi nilishaamini tumempoteza.

Breki: Shukrani ya nini? Sema kwanza, nisije nikanywa kitu nisichokijua.

Fundi Dari: Napona, jamani. Jana nimefunga dari ya vyumba viwili, nimerudi nyumbani na bado nina hamu ya kuongea na mke wangu.

Injinia: Kuongea tu?

Fundi Dari: Wewe kunywa kahawa yako.

Tulicheka sana, mimi zaidi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijibu utani tangu mwaka uanze.

Mimi: Kumbe ulikwenda hospitali? Walisema una nini?

Fundi Dari: Homoni za kiume zimeshuka. Daktari kasema mwanamume akienda umri zinapungua kidogo kidogo, na wengi wala hawahitaji dawa. Zangu zilishuka mno. Walinitoa damu asubuhi, maana ndiyo saa zinapokuwa juu, wakaniita tena asubuhi nyingine wapate uhakika.

Breki: Nilijua mimi! Mwanamume anazaliwa na tangi lake limejaa. Huyu kaoa mapema, kalimaliza njiani.

Injinia: Tangi gani, bwana? Huyu anashinda darini, karibu na minara ya simu kuliko sisi sote. Mawimbi yanampitia yeye kwanza.

Breki: Mbona ndege hawaishiwi?

Injinia: Umewahi kumpima ndege?

Breki: Sikiliza. Mimi nimekalia kiti chenye injini chini yake miaka thelathini, na watoto ninao saba. Joto ndilo linalozalisha homoni. Fundi ahamie jikoni.

Injinia: Basi waoka mikate wangejaza dunia.

Fundi Dari: Nyinyi mnacheka. Mimi nimelala sebuleni miezi sita. Mke wangu alidhani nimepata mwingine. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni.

Hapo mguu wa Breki ulitulia. Hilo la sanduku tulikuwa hatulijui.

Mimi: Na dawa yenyewe?

Fundi Dari: Jeli. Kila asubuhi nikishaoga napaka mabegani.

Tukatazamana. Hadi alipotukataza miezi michache nyuma bila kusema sababu, sisi ndio tuliomhudumia hayo mabega. Tulikubaliana kwamba anayefanya kazi mikono ikiwa juu, damu yote humshukia miguuni, basi kila jioni tulimvua shati tukamsugua dawa ya misuli, ile inayonuka mtaa mzima. Breki bega la kulia, Injinia la kushoto.

Breki: Mabegani! Gundi, umesikia? Tulishafika!

Injinia: Mahali tulipapata. Ilibaki dawa tu.

Fundi Dari: Daktari aliniuliza nani kaniunguza ngozi. Ilibidi nisubiri wiki mbili ipone ndipo nianze.

Breki: Hayo madogo. Niletee na mimi kidogo.

Fundi Dari: Thubutu! Upimwe kwanza. Ukijipaka wakati huna upungufu unajiumiza. Mimi mwenyewe wananifuatilia, damu isiwe nzito, na tezi dume wanaiangalia. Nikishapaka naosha mikono, jeli ikikauka navaa shati, na mjukuu hagusi mahali pale. Na tumbo hili wamesema nilipunguze.

Injinia: Sawa. Ila tukubaliane, aliyemwokoa huyu ni kijiwe.

Breki: Hilo halina ubishi.

Mke wa Fundi Dari alitukuta hapo hapo tukijipongeza. Alikuwa hajawahi kufika kibandani kwangu. Alisalimia, tukasimama wote.

Mke: Shemeji zangu, sikai. Nimekuja kumshukuru mmoja wenu. Mume wangu aliniambia mtu wa kijiweni ndiye aliyemhimiza aende hospitali. Ni nani?

Breki alimwangalia Injinia. Injinia akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia soli niliyoishika. Tulikuwa tumesema mengi mwaka ule, lakini kabla ya asubuhi ile neno hospitali halikuwahi kutoka kinywani mwa yeyote kati yetu, na niliona aibu kubwa.

Fundi Dari: Mke wangu, hawa nimewasingizia. Ni wewe.

Mke: Mimi lini?

Fundi Dari: Siku ile uliponiuliza kama kuna mwanamke mwingine. Hakuwepo. Nikatafuta jibu la kukupa, sina, maana hata mimi nilikuwa sijijui tena. Niliogopa utaondoka. Kesho yake nikaenda kupima. Kukwambia hivyo niliona haya, nikasema ni mtu wa kijiweni.

Mama yule, aliyesema hakai, aliketi kwenye benchi.

Mke: Miezi minne namwombea huyo mtu. Kila siku. Namwombea afya, namwombea umri mrefu, namwombea nyumba yenye amani.

Fundi Dari: Dua zimekufikia, mama. Zote.

Fundi Dari akamshika mkewe mkono mbele yetu, na hakuna aliyetania.