Ghorofani au Chini

Katika gari la kwenda Kilindoni, Shamsa alimsikia Mwalimu Valence, kiti cha nyuma, akimhadithia Bi Biubwa filamu ya zamani ya wafu wanaofufuka na kula watu. "Wafu wenyewe wanajikokota tu, mama. Waliojifungia ndani ndio walioponzwa na ubishi: wajifiche ghorofani au katika chumba cha chini ya nyumba. Ndivyo jamii tulivyo."

"Ghorofani," alisema Bi Biubwa.

"Chini, mama. Kuna mlango mmoja tu."

"Hilo kaburi, mwanangu."

Shamsa naye alikuwa wa ghorofani, ila hakuulizwa. Mvua ikaanza. Kila mmoja alimwachia mwenziwe kufunga dirisha, wakaendelea kubishana.

Gari liliposimama, mwalimu alikuwa anachuruzika maji. Bi Biubwa alitazama gunia lake la mwani lililolowa, akakamua kanga. "Ghorofani," alisema.