Bi Slaidi na Siku Ukuta Uliposoma Mawazo Yake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha mafunzo atakabidhi funguo za ukumbi na kuagana na shirika letu la maji. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tunamjua kwa jina la Bi Slaidi. Mwanzoni lilimkera, mpaka tukamsikia akijitambulisha nalo kwenye simu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi ambazo mafundi bomba walifundishwa kwa chaki, ubao na kikohozi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, wengi wetu tuliipita kwa mbali kama mbwa tusiyemjua. Yeye alivuta kiti. Haukupita muda akagundua kwamba ukurasa mmoja unaweza kubeba kichwa cha habari, picha na maneno machache, na ukibonyeza kitufe unakuja mwingine. Hapo mateso yetu yakaanza.

Tuseme ukweli: slaidi zake za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. Maandishi mekundu juu ya zambarau! Maneno yaliingia yakizunguka, yakadunda, kisha yakatoka kwa mlio wa breki. Somo la kufunga koki lilishuka herufi moja moja kutoka juu, na kabla sentensi haijatimia nusu ya darasa ilikuwa imeshatoroka.

Aliyemponya ni mumewe, fundi cherehani. Alipoonyeshwa kazi hiyo nyumbani, aliikodolea macho, akasema, "Mama watoto, hilo gauni ni vifungo vitupu. Kitambaa kiko wapi?" Bi Slaidi alinuna siku mbili. Aliporudi kazini, kila slaidi ilikuwa na jambo moja, herufi za kusomeka hata na aliyekaa nyuma kabisa, na picha ya bomba lenyewe.

Kisha ukaja mwaka ambao bodi ilitaka kukifunga kitengo chake. Alipewa nafasi ya kujitetea mbele ya bodi, nasi tukihudhuria. Chini ya kila slaidi aliandika maelezo ya msemaji, yale ambayo programu humwonyesha mzungumzaji peke yake huku wasikilizaji wakiona slaidi tu. Waya ukachomekwa, skrini zikabadilishana kazi bila yeye kujua, naye, aliyekuwa ameyakariri maelezo yake, akaupa ukuta mgongo na kuanza.

Ukutani, kwa herufi nene, tukasoma: "Hapa mwenyekiti atasinzia. Paza sauti." Mwenyekiti, ambaye kweli alikuwa amefumba jicho moja, alilifumbua. Bi Slaidi akapaza sauti. Akabonyeza: "Mhasibu atauliza gharama. Tabasamu kwanza." Akatabasamu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, naye akadhani mambo yanamwendea vizuri.

Akabonyeza tena. "Usiogope. Wasimulie kuhusu fundi aliyefukiwa mtaroni kwa sababu hatukumfundisha kuweka mbao za kuzuia udongo. Usilie."

Kicheko kilikatika. Kimya hicho ndicho kilichomfanya ageuke. Alipoona kilichoandikwa ukutani, akaanza kutafuta kitufe cha kuzima.

"Acha, mama, usizime," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Tusimulie."

Akasimulia bila slaidi: jinsi walivyomfukua kwa mikono, jinsi alivyotolewa hai, na jinsi ambavyo hakuweza tena kushika spana. Alilia, na hakuwa peke yake. Kitengo hakikufungwa. Tangu siku hiyo hakuna fundi wetu anayeshuka mtaroni kabla hajapita mikononi mwake.

Sasa anahamia kwa dada yake mkubwa, ambaye ameshatupigia simu kutusihi tubaki na kompyuta, maana harusi ya mjukuu imekaribia na tayari Bi Slaidi amemwomba bibi harusi picha arobaini za kuweka kwenye slaidi.

Bi Slaidi, asante kwa vicheko na kwa ukali wako. Asante zaidi kwa mafundi wanaorudi kwao jioni wakiwa wamechafuka tu. Nenda kapumzike, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku ndefu zenye furaha.