Vikombe Sita vya Namukasa

Benchi la kahawa la Namukasa, pale mtaa wa Atlabara, lilikuwa na sheria moja: mwenye kikombe mkononi ana kiti; akikirudisha, ainuke. Vikombe vilikuwa sita, na asubuhi ile vyote vilikuwa na wenyewe. Cha mwisho alikishika Trevor, fundi kompyuta kutoka Nairobi, ambaye mudiri wake, mkuu wa ofisi, alikuwa amemwambia maneno machache: saa nane mchana mashine ya vitambulisho itoe kadi mia mbele ya wageni, la sivyo fundi apande ndege ya Ijumaa. Mashine ilikuwa ikitoa arobaini, kisha inagoma.

Trevor akawaeleza kwa mara ya tatu. Kwa kila kadi, programu yake inayoiongoza mashine huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mahali pa kuweka picha ya mtu. Namna ya kuomba aliibuni mwenyewe: unataja ukubwa, unapewa. Kufika ya arobaini na moja, jibu ni hakuna nafasi.

— Unaomba vibaya, bwana, alisema Igga, waliyemwita Katibu Mkuu kwa kuwa aliwahi kubeba faili la wizara kutoka getini hadi mlangoni. — Nani anapewa kitu bila barua? Mwenda pole hajikwai. Nakala tatu, na muhuri.

— Barua gani? alisema Yafesi, fundi redio wa mtaa wa Hai Mauna, waliyemwita Daktari. — Mimi iko hapa miaka mitatu naomba kiwanja. Wanasema nafasi hakuna, na kiwanja naiona na macho, iko wazi.

Daktari akaongeza kwamba picha ya mkubwa haiingii peke yake. Inaingia na walinzi, na walinzi nao wanataka pa kukaa. Katibu Mkuu alimsikiliza kwa huruma, kisha akamaliza kesi.

— Kumbukumbu ni mia, siyo? Kwa mkataba wa amani, kama mafuta yetu, hamsini ni ya Khartoum. Inabaki hamsini. Wewe umepata arobaini. Kumi imeliwa njiani. Khalas.

Hesabu ilikuwa safi kiasi kwamba Trevor nusura aiandike.

Hapo akafika Daphine, mshonaji mgeni aliyetoka mtaa wa Jebel kwa miguu, akaomba kahawa. Namukasa akatikisa birika, bado zito, akaonyesha benchi kwa kidevu: kahawa ipo, vikombe hakuna. Daphine akavikagua kimoja kimoja.

— Lakini hivi vyote vitupu. Mmekunywa mmemaliza. Mbona hamrudishi?

Daktari akainua kikombe chake, akapiga funda la hewa.

Trevor akatazama kikombe chake, kikavu tangu saa tatu. Katika ubunifu wake wote kulikuwa na kuomba na kupewa. Kurudisha hakukuwemo popote. Kadi ilishatoka na mwenyewe kaenda nayo nyumbani, picha yake bado imekalia kiti.

Akainuka, akamkabidhi Namukasa kikombe, akashika njia ya ofisini karibu kukimbia. Daphine akakaa.

— Kurudisha sawa, Katibu Mkuu alimpigia kelele kwa nyuma, lakini nani atatia sahihi?

Na wale watano wakakaza vidole kwenye vikombe vyao.