Kulazwa na Kuzuiliwa

Basi lilitoka Kajiado Wayua akiwa ameamua kunyamaza mpaka Kitengela. Lakini yule kijana wa tai aliyeketi kando yake dirishani, Sharmarke, ajenti wa bima, hakumpa nafasi. "Mama, bima ya serikali inalipa kitanda. Hii yetu unaongeza juu yake. Kila usiku ukilazwa, tunakutumia pesa ya matumizi."

"Niko nayo," Wayua akasema. "Mzee wangu Maundu alilazwa. Daktari akasema amepona, aende nyumbani. Hospitali ikakataa kumwachilia mpaka tumalize bili. Akalala huko wiki mbili zaidi. Nyinyi mkalipa zile siku za kwanza tu."

Sharmarke akatabasamu, vile wanavyofundishwa. "Hizo zingine hakuwa amelazwa, mama. Alikuwa amezuiliwa. Masharti yanasema daktari akishamruhusu mgonjwa, huyo ametoka."

"Ametoka? Na askari wa geti alikuwa anamrudisha wodi kila akijaribu? Kitanda ni kile kile! Uji ni ule ule!"

"Kwa karatasi alikuwa nje."

Basi likasimama Kitengela na Sharmarke akainuka na mkoba wake. Wayua, aliyeketi upande wa njia, akakaza magoti kwenye kiti cha mbele.

"Mama, nimefika. Nipishe."

"Najua umefika. Hata konda amesema ushuke." Wayua hakusogea hata kidogo. "Sasa niambie, kijana wangu: uko nje?"