Mama Agathe na Viti vya Kuazima vya Nyakabere

Tarehe 28 Juni 2024, Mama Agathe anafunga mlango wa Ofisi ya Msaada wa Masomo ya chuo chetu, hapa Uvira, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Wanafunzi waliopita mikononi mwake hawana idadi. Waendesha moto, yaani pikipiki, waliomsubiri nje ya nyumba za watu huku wakisinzia nao si haba.

Kazi yake ilikuwa kupima kila familia inaweza kulipa kiasi gani cha minerval, yaani ada ya masomo. Aliitembelea nyumbani akauliza wanaokula ni wangapi, watoto wangapi wako shuleni, nani mgonjwa, na shamba la mihogo limetoa magunia mangapi. Gharama za chakula na dawa alizitoa kwanza kwenye hesabu ya mapato. Kilichobaki ndicho familia iliweza kuchangia, na pengo lilizibwa na mfuko wa chuo. Hakudanganyika kirahisi. Mfanyabiashara mmoja aliyemjia na kandambili zilizofungwa waya alisindikizwa kwa heshima zote mpaka kwenye gari lake, alilokuwa amelificha nyuma ya soko.

Kuteleza si kuanguka, na Mama Agathe aliteleza katika kijiji cha Nyakabere mwaka 2009. Alikuwa ametangaza ziara yake kwa Térence, mkulima ambaye binti yake, Noella, alikuwa amepata nafasi chuoni. Alikuta viti vinne vya sofa, redio kubwa, kuku wa kukaanga na Fanta baridi. Alikula vizuri (hilo anakiri mwenyewe), kisha akaandika kwenye dosie, jalada la familia hiyo: wanajiweza. Noella akanyimwa msaada. Siku kumi kabla ya masomo kuanza, akakata tamaa ya chuo na kushika jembe.

Wiki hiyohiyo Mama Agathe, akitoka Runingu, alipita Nyakabere kusalimia tu. Sebule ilikuwa tupu, watu wameketi juu ya mikeka. Térence akamweleza kwa upole: "Weye iko mugeni, Mama. Tungekuikalisha chini namna gani? Ile viti tuliomba kwa jirani."

Alirudi Uvira siku ileile, vumbi hadi kwenye kope. Kamati ya msaada ilikwisha kusaini uamuzi, na baadhi yetu wanakamati, mimi Gracien nikiwemo, tulimshauri aache, atajiaibisha bure. Akatujibu kwamba kosa ni lake na adhabu inamwangukia mtoto, akakaa pale mpaka tukaifungua dosie upya. Noella aliingia darasani siku ya kwanza pamoja na wenzake. Tangu hapo kila familia hutembelewa mara mbili, ya pili bila taarifa, na Mama huuliza viti ni vya nani kabla hajakalia.

Noella alisomea maendeleo ya jamii, na kwa miaka minane sasa amekuwa msaidizi katika ofisi hiyo. Tarehe mosi Julai anakuwa mkuu wake.

Mama Agathe, pumzika, lima bustani yako, na sasa wakuchoshe wajukuu badala yetu. Tunakutakia afya na siku njema nyingi. Asante kwa kulikubali kosa mbele yetu sote. Ungeona aibu kukiri siku ile, leo tusingekuwa na mtu wa kumkabidhi ufunguo wako.