Maisha ya Oddvar Leirnes na Jumamosi Aliyoinunua

Tangu Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024, kijiji cha Torsneset hakina wa kumsema. Kwa miaka thelathini kahawa ya dukani ilinywewa pamoja na jina la Oddvar: kanunua nini, kaenda wapi, anajiona nani. Wiki hii imenywewa kimya, na dada yake Torbjørg, anayesoma wasifu huu, ameusikia ukimya huo kila alipokwenda kununua mkate.

Oddvar Leirnes alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1949 hapa Torsneset, kwenye pwani ya magharibi ya Norwei, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Peder Leirnes, mvuvi, na mkewe Gudrun.

Alianza shule mwaka 1956. Walimu walimkumbuka kwa hesabu, wenzake kwa mbio za kuteleza kwenye theluji. Katika mashindano ya Februari 1961 aliwaacha wote mbali, kisha akasimama hatua chache kabla ya mstari wa mwisho mpaka wawili wakampita.

"Mguu unakuuma?" mama alimuuliza.

"Hapana, mama. Mwaka jana nilitangulia, hakuna aliyekaa na mimi kula keki."

Mama hakumkemea. Alimkatia kipande kikubwa. Baadaye Oddvar alisomea ufundi wa mitambo huko Ålesund, akahitimu mwaka 1970.

Alirudi nyumbani kutengeneza injini za mashua. Mwaka 1986 alibuni pampu ya kuhamisha samaki hai kutoka kwenye vizimba bila kuwachubua, na miaka kumi baadaye pampu hizo zilikuwa zikifanya kazi Uskoti, Chile na Visiwa vya Faroe. Kiwanda chake kiliajiri watu mia na arobaini, wengi wao watoto wa kijiji hiki. Ndipo maneno yalipoanza. Ilisemwa kwamba pampu aliibuni baba, mwana akaiandikisha kwa jina lake. Si kweli. Peder hakuweza kutengeneza hata kufuli la ghala lake. Torbjørg aliyajua hayo, na alipoulizwa dukani alipanga mikate kapuni bila kujibu.

Mtu akipanda juu kimaisha kwa hila tunamsamehe upesi, maana tunajua alipokosea nasi tukabaki wasafi. Anayetusumbua ni yule tuliyekaa naye dawati moja, tukala naye samaki yule yule, kisha akapanda bila hila. Huyo anatulazimisha kujiuliza sisi tulikuwa wapi. Swali hilo ni zito, na ni rahisi zaidi kumtafutia kosa.

Tarehe 17 Juni 1978 Oddvar alimwoa Solfrid, muuguzi kutoka Molde. Walijaliwa watoto wawili, Ragnhild na Eivind. Solfrid alikuwa akisema kwamba mumewe angeweza kusikia nati iliyolegea ng'ambo ya bahari, lakini hakuweza kusikia watu wamenuna.

Kosa alilofanya ni hili. Kila Mei kijiji hukutana kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo: kila nyumba huja na brashi yake na keki yake. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya kupaka rangi ukumbi wa kijiji. Oddvar alikuwa safarini Chile, akaona aibu kukosa. Akapiga simu Molde na kuajiri mafundi. Watu walipofika Jumamosi asubuhi na brashi mkononi, walikuta ukumbi umekwisha kupakwa, unang'aa. Wakanywa kahawa wamesimama, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyemgombeza. Mwaka uliofuata hakuitwa, wala uliofuata huo.

Katika majira ya kuchipua ya 2008 alikuja jikoni kwa dada yake.

"Msaragambo ni lini?"

"Jumamosi."

"Mbona mimi siambiwi?"

"Jina lako halimo kwenye orodha."

"Nani kalitoa?"

"Mimi," Torbjørg akasema. "Mwandishi wa kamati ni mimi."

Oddvar alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. "Tangu lini?"

"Tangu uliponunua Jumamosi yetu."

"Nilitaka kusaidia, dada."

"Tulijua. Ungekuwa na nia mbaya tungegombana nawe, yakaisha."

Jumamosi hiyo alikwenda bila kualikwa. Arnfinn Hjelle, waliyesoma naye na ambaye ndiye aliyekuwa akigawa kazi, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ee, mkurugenzi. Umekuja mwenyewe au umetuma mtu?"

"Mwenyewe."

"Basi choo cha nje kinakusubiri. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na miaka yote hiyo mlikuwa mnakitumia?"

"Tukikujazia," Arnfinn akajibu.

Watu walicheka, na Oddvar akasafisha choo. Tangu hapo hakukosa mwaka. Maneno ya dukani hayakuisha, ila yalikuja kusemwa hata yeye akiwepo, na kwetu hiyo ni hatua.

Mwaka 2019 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka. Mei 2022 alishika brashi kwa mara ya mwisho, akapaka ukuta wa kaskazini wa ukumbi. Mistari ilikwenda mawimbi. Jioni mtu mmoja alitaka kuurudia. Arnfinn akamwambia, "Weka brashi chini, kazi imekwisha." Ukuta uko vile vile.

Alifariki Jumapili hiyo ya tarehe 3 Machi nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Solfrid. Ameacha mjane huyo, watoto wake wawili, wajukuu wanne, na dada yake Torbjørg, ambaye aliandika wasifu huu ili asikae kimya tena kama alivyoukalia kimya uwongo ule wa pampu. Kampuni ya mazishi ilikuwa na wabeba jeneza wake. Juzi Arnfinn aliwapigia simu kuwaambia wasije, kisha akawapigia majirani watano waje kubeba pamoja naye. Hakuna aliyeombwa mara mbili.

Mungu ampe mapumziko mema.

Kaburi lake liko safu ya tano, upande wa kulia wa baba yake, na jiwe lake litakuwa na kimo sawa na mengine.