Bi Simha na Mwanawe wa Kharkov

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la sinagogi letu hapa Bombay, Bi Simha Chordekar anastaafu tarehe 30 Juni 1987. Alitakiwa kustaafu miaka minne iliyopita. Kwa nini hakustaafu, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Malida yake tumeila sote: mchele wa kupondwa, nazi na sukari, sahani ya kumshukuru Nabii Eliya nadhiri inapotimia. Iwe harusi, uzazi au kupona homa, sahani ilitoka kwake. Tena alikuwa mdadisi kupita kiasi. Mgeni aliyeingia jikoni kuomba maji alitoka ameshaeleza ukoo wake wote.

Mwaka 1979 mgeni mmoja alitusimulia habari za Binyamin Gorelik, mhandisi wa Kharkov, mji wa Muungano wa Sovieti, aliyefungwa na Warusi kwa kosa la kufundisha Kiebrania. Sisi wengine tulisikitika, tukanywa chai, tukaenda zetu. Bi Simha alimfuata mgeni hadi mlangoni. Huyo mtu anakula nini huko? Ana mke? Mama yake anaitwa nani? Mgeni hakujua. Likawa tatizo kubwa, maana kwetu aliye taabuni huombewa kwa jina la mama yake.

Jumamosi iliyofuata, Bwana Ruben Talkar anayetuongoza katika sala alipofika kwenye jina, alikwama. Sauti ikatoka upande wa wanawake: "Sema Binyamin mwana wa Simha."

"Dada, huyo hukumzaa."

"Sikuzaa yeyote. Kuna atakayelalamika?"

Hakupatikana. Tangu hapo akaombewa hivyo kila Jumamosi.

Mimi nilimtania sana. "Mama Mrusi, mwanao hajambo?"

"Wewe unafundisha Kiebrania na usiku unalala kwako," alinijibu. "Mwenzako je? Haya, cheka, ukimaliza unikunie nazi."

Nilikuna. Hapa Bombay sijawahi kurushiwa hata kokoto kwa kuwa Myahudi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mimi niko huru na yeye hayuko.

Umri wa kustaafu ulipofika, kamati ilimwita. Aliwaambia kuwa mama hastaafu mtoto akiwa gerezani, akarudi kwenye masufuria yake.

Machi hii simu ililia ofisini, kutoka Haifa, Israeli. Alikuwa Gorelik mwenyewe: ameachiwa, na yule mgeni, ambaye tuliendelea kuandikiana naye, amemsimulia habari zetu. Nikawa mkalimani. Bi Simha aliuliza kwanza kama amekula. Kisha, kwa wasiwasi, akaomba jina la mama yake halisi, maana huenda tuliomba vibaya miaka yote ile.

"Aliitwa Fruma," alisema Gorelik. "Alifariki nikiwa ndani. Msisahihishe chochote."

Nilichukua muda kuyatafsiri maneno hayo, kwa sababu nilikuwa nalia.

Bi Simha, tunakushukuru kwa kila sahani na kwa kila swali. Agosti unakwenda Haifa, na kamati nzima imeshindwa kukuzuia usibebe nazi. Maisha mema yakufuate huko, mama wa Binyamin.